Habari za Afya Nazo Zina Sanadi: Tuandikapo Juu ya Dawa, Tupokee kwa Nani?

KILA unapokaribia mwezi mtukufu wa Ramadhani, meza ya ofisi ya msikiti hujaa karatasi. Zipo za ratiba ya futari, zipo za michango, na zipo za afya: tende ngapi humfaa mwenye shinikizo la damu, mti gani huondoa kisukari, chanjo gani “si salama kwa watoto wetu”. Mwenye kuileta huomba ibandikwe ubaoni au isomwe baada ya swala ya Ijumaa. Karatasi hizohizo, kwa maneno yaleyale, zimekwisha kuzunguka katika makundi ya WhatsApp ya wazazi wa madrasa na ya kina mama wa darsa.

Hatuandiki makala hii kuwakejeli wanaozileta. Wengi wao huzileta kwa mapenzi, na yupo aliyeuguza mzazi wake miaka mingi akatamani mwingine apate nafuu. Lakini mapenzi hayaifanyi habari kuwa ya kweli. Karatasi ikishabandikwa katika ubao wa nyumba ya Allah (s.w.), msomaji haioni tena kuwa ni neno la fulani. Huiona kuwa ni neno la msikiti. Hivyo kila anayeandika juu ya afya miongoni mwetu, awe khatibu anayeandaa hutuba, ustadhi anayetunga kipeperushi, mwandishi wa ukurasa wa familia, au mama anayeandika ujumbe mfupi kwa wenzake, amebeba amana ya roho za watu.

Waliomjibu mgonjwa bila ya elimu

Abu Dawud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kisa cha watu waliokuwa safarini. Mmoja wao alipigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akapatwa na janaba usingizini. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hawamwonei ruhusa, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) aliwalaumu lawama kali, akawabebesha mauti yake, na akafundisha kuwa tiba ya asiyejua ni kuuliza. Wanazuoni wamezijadili njia za hadithi hii, na wapo walioipa sehemu hii ya kisa daraja ya hasan.

Tuitazame vyema hali ya wale masahaba. Hawakukusudia kumdhuru ndugu yao wala hawakuwa wauza dawa. Walikijua kitu kimoja, kwamba maji yakiwepo hakuna tayamamu, wakakipeleka mahali ambapo hakikuwa mahali pake. Hiyo ndiyo sura ya makosa mengi katika karatasi zetu za afya: neno lenye asili ya kweli, limetolewa kwa mtu asiyestahiki kupewa, bila ya kuulizwa mjuzi.

Sharia yetu imeliwekea jambo hili misingi miwili. Wa kwanza umo katika Surat al-Hujurat, aya ya 6, inayotuamrisha kuipeleleza habari kabla ya kuitendea kazi, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Wa pili ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba anayejitia katika utabibu naye hajulikani kuwa ni tabibu hubeba dhamana ya madhara anayoyasababisha. Mafakihi wamelizungumzia hilo kwa mwenye kutibu kwa mkono wake. Mwenye kutibu kwa kalamu naye na ajitafakari.

Kano, 2003: uvumi uliovuka bahari

Asiyeona uzito wa jambo hili na atazame yaliyotokea kaskazini mwa Nigeria, katika jamii ya Waislamu wenzetu. Mwaka 2003 ulienea uvumi kwamba chanjo ya matone ya polio imetiwa vitu vya kuwafanya watoto wa kike wawe tasa. Miongoni mwa walioupa uvumi huo nguvu alikuwemo mtu aliyesomea udaktari. Baadhi ya majimbo yakasimamisha chanjo, na Kano ikaisimamisha kwa karibu mwaka mzima.

Uadilifu unatutaka tuseme kwamba hofu ile haikuzuka bure. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, kampuni ya Pfizer ya Marekani ilijaribu dawa yake mpya hapohapo Kano kwa watoto wapatao 200. Wazazi na serikali wakalalamika, kesi zikafunguliwa, na mwaka 2009 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola milioni 75 katika suluhu na jimbo la Kano. Watu wenye kumbukumbu kama hiyo wana haki ya kuuliza maswali. Kuuliza swali, hata hivyo, si sawa na kuandika jibu ambalo hujalithibitisha.

Matokeo yake yanajulikana. Virusi vya polio vilivyokuwa vimeanza kudhibitiwa vilisambaa kutoka Nigeria hadi nchi jirani, vikafika Sudan, vikavuka bahari, na mwaka 2005 vikazuka Indonesia, nchi ambayo haikuwa na polio kwa takriban miaka kumi. Huko watoto wapatao 300 walipooza. Mtoto wa Kiislamu wa Java alipoteza miguu yake kwa sababu ya maneno yaliyosemwa na Waislamu wa Kano.

Utatuzi wake pia una funzo kwa anayeandika. Uvumi ule haukuondoka kwa amri ya serikali peke yake. Wataalamu na viongozi wa dini waliaminiana pale chanjo ilipopimwa, na Kano ikaanza tena mwaka 2004 kwa chanjo iliyotoka Indonesia, nchi ya Waislamu. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa limesafika na virusi vya asili vya polio. Kati ya uvumi na tangazo hilo ipo miaka 17, na wapo watoto ambao hawatatembea tena.

Tuichunguze karatasi moja

Tuseme inaletwa karatasi yenye maneno haya: habbat sauda na asali huondoa kisukari kwa siku 40, imethibitishwa na wataalamu, acha vidonge kwani vinaua figo, sambaza kwa watu 10 upate thawabu. Chini yake ipo namba ya simu. Aliyesoma elimu ya hadithi anazo tayari zana za kuichunguza.

Swali la kwanza: nani amesema? “Wataalamu” ni mpokezi asiyejulikana, na wanazuoni wa hadithi humwita majhuli. Hakuna jina, wala chuo, wala hospitali. Habari ya mpokezi wa namna hiyo haijengewi hukumu ya udhu, seuze uhai wa mtu.

Swali la pili: asili yake iko wapi? Tusitosheke na aliyetutumia wala na aliyemtumia yeye. Tupande ngazi hadi juu. Katika mfano wetu, ukipanda utakuta kwamba zipo tafiti kweli. Mmoja ulifanyika Saudi Arabia ukachapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 94 wa kisukari cha aina ya pili waligawanywa makundi matatu, wakapewa habbat sauda kwa kipimo cha gramu 1, 2 au 3 kwa siku. Sukari ilishuka, hasa kwa waliopewa gramu 2.

Swali la tatu: je, asili inasema kilichoandikwa? Hapa ndipo karatasi inapoanguka. Wagonjwa wale walipewa habbat sauda pamoja na vidonge vyao, hawakuambiwa waviache. Aliyeandika karatasi amelifuta neno “pamoja” akaweka neno “badala”. Katika elimu ya hadithi, kulichezea neno la matini namna hii ni aibu kubwa. Katika tiba ni hatari.

Swali la nne: walikuwa wangapi, na walilinganishwa na nani? Watu 94 ni wachache. Aidha makundi yote matatu yalipewa habbat sauda, hivyo hapakuwa na kundi lisilopewa kabisa ili tofauti ionekane wazi. Utafiti kama huo unafungua mlango wa utafiti mkubwa zaidi. Haujatoa hukumu ya mwisho, na mwandishi mwaminifu huliandika hilo.

Swali la tano: nani ananufaika? Namba ya simu iliyo chini ya karatasi ni ya muuzaji. Kuuza si haramu, lakini muuzaji hawi shahidi wa bidhaa yake mwenyewe.

Swali la sita: ikiwa si kweli, nani ataumia? Kisukari ni zaidi ya aina moja. Mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza mwili wake hautengenezi insulini. Kabla ya insulini kugunduliwa Toronto mwaka 1921, utambuzi wa maradhi hayo kwa mtoto ulikuwa ni habari ya kifo. Mtoto huyo akiachishwa sindano, anaweza kufariki katika siku chache, kabla ya hizo siku 40 kutimia. Ama kuhusu figo, kinachoziharibu ni sukari kubwa inayokaa katika damu muda mrefu. Vipo vidonge ambavyo daktari huvipunguza au huvibadilisha figo zikiwa zimedhoofika, na huenda ndipo uvumi ulipochipukia, lakini kazi hiyo ni ya daktari aliyeshika majibu ya vipimo.

Huenda mtu akasema: je, mnaikataa hadithi ya habbat sauda? Tunajilinda kwa Allah. Hadithi hiyo ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim. Lakini hadithi haikutaja kipimo, haikuamuru mgonjwa aache dawa nyingine, na wapo wanazuoni, miongoni mwao al-Khattabi, walioeleza kuwa lafudhi yake ni ya jumla na makusudio yake ni maradhi maalumu. Anayeipachika hadithi sahihi juu ya tangazo la biashara hajaitetea Sunna. Mgonjwa akidhurika, wapo watakaoituhumu hadithi badala ya kumtuhumu muuzaji.

Daraja za ushahidi

Kama zilivyo hadithi sahihi, hasan, dhaifu na za kuzuliwa, ndivyo na habari za tiba zilivyo na daraja. Ya chini ni kisa cha mtu mmoja: “shangazi alikunywa akapona”. Huenda alipona kwa dawa, huenda kwa kudura bila dawa, huenda hakuwa na ugonjwa ule. Hufuata majaribio ya maabara na ya wanyama, ambayo si hoja ya kutosha kwa mwanadamu. Kisha ni tafiti za kuwafuatilia watu wengi. Juu yake ni majaribio ambayo wagonjwa hugawanywa kwa kura, kundi moja likapewa dawa na jingine lisipewe. Juu kabisa ni mapitio yanayokusanya tafiti zote za jambo moja na kuzipima kwa pamoja, kama yanayofanywa na jumuiya ya Cochrane tangu mwaka 1993.

Mwandishi asiyezijua daraja hizi hudanganywa na jina kubwa. Mwaka 1998 jarida mashuhuri la Uingereza, The Lancet, lilichapisha andiko la daktari Andrew Wakefield na wenzake lililohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Lilihusu watoto 12 tu. Baadaye ilidhihirika kwamba Wakefield alikuwa amelipwa na wanasheria waliokusudia kuwashitaki watengenezaji wa chanjo, naye hakulitaja hilo. Tafiti zilizofuata, zilizohusisha watoto wengi mno, hazikuona uhusiano huo. Mwaka 2010 jarida liliondoa andiko lile na mwandishi wake akafutwa katika daftari la madaktari. Hata hivyo ukilitafuta leo utalikuta likinukuliwa kama jipya. Ndiyo maana anayeandika huangalia tarehe, na huuliza kama habari aliyoishika ingali inasimama au imekwisha kubatilishwa.

Hapa pia ndipo mfano wa hadithi unapofikia mpaka wake. Mpokezi mwaminifu wa hadithi, sanadi yake ikitimia, tunaipokea. Katika tiba, mtu anaweza kuwa mwaminifu na mwanachuoni mkubwa, na bado akakosea, kwa kuwa kinachosemwa lazima kipimwe tena na tena. Wazee wetu walilijua hilo. Abd al-Latif al-Baghdadi alikuwa Misri wakati wa njaa kuu ya mwanzoni mwa karne ya 13. Aliyachunguza mafuvu mengi ya waliokufa akaona kuwa taya la chini ni mfupa mmoja, ilhali Jalinus wa Wayunani, aliyeheshimiwa na matabibu wote, aliandika kuwa ni miwili. Al-Baghdadi alimheshimu Jalinus, lakini akaandika alichokiona.

Mitishamba nayo ipimwe

Wengine hudhani kuwa kudai ushahidi ni kuidharau dawa ya asili. Sivyo. Dawa mseto tunayomeza kwa malaria asili yake ni mmea wa artemisia, uliotajwa kwa ajili ya homa katika kitabu cha Kichina cha karne ya 4. Bibi Tu Youyou na wenzake walirejea vitabu hivyo vya kale, wakauchuja mmea kwa njia isiyotumia moto mkali, wakaujaribu kwa wanyama, kisha yeye mwenyewe akainywa dawa hiyo kabla ya kupewa wagonjwa. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba. Elimu ya wazee iliheshimiwa pale ilipopimwa. Na Shirika la Afya Duniani, WHO, halipendekezi kunywa chai ya majani yake badala ya vidonge, kwa sababu kiasi cha dawa kilichomo hakijulikani na huenda kisiue vimelea vyote.

Sisi wa Tanzania tunayo kumbukumbu ya mwaka 2011, maelfu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500. Walikwenda wa dini zote. Wapo waliofia njiani na katika foleni, na wapo walioacha dawa za kupunguza makali ya UKIMWI kwa kuamini wamepona. Habari zilitangulia, vipimo vikafuata nyuma.

Pa kuchukulia

Basi mwandishi aende wapi? Kwa miongozo ya magonjwa na chanjo, aanze na Wizara ya Afya na WHO. Kwa kutaka kujua kama dawa imesajiliwa, ipo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa Tanzania Bara, na Wakala wa Chakula na Dawa kwa Zanzibar. Kwa utafiti ipo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Kwa mitishamba ipo Taasisi ya Dawa Asilia iliyo chini ya chuo cha Muhimbili, na lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Karibu nasi zaidi, daktari, mfamasia na muuguzi wanaoswali safu moja nasi wanaweza kuisoma karatasi kabla haijabandikwa.

Yapo maswali yenye pande mbili, na kila upande una wenyewe. Kama sindano ya insulini ina asili ya nguruwe ni swali la mtaalamu wa dawa: zamani zilikuwepo za nguruwe na za ng’ombe, lakini tangu miaka ya 1980 inatengenezwa insulini mithili ya ile ya binadamu kwa kutumia vijidudu. Hukumu ya kuitumia ni swali la mwanachuoni. Mmoja asiandike mahali pa mwenzake.

Mfano mwema wa pande mbili kukutana ni mwongozo wa kisukari na Ramadhani uliotolewa na Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na jumuiya ya wataalamu wa kisukari na Ramadhani, mwaka 2016, ukahuishwa mwaka 2021. Umewagawa wagonjwa kwa kiwango cha hatari, na maoni ya wanazuoni yamezingatiwa ndani yake. Unamtaka mgonjwa amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Unaeleza kuwa kutoboa kidole kupima sukari hakufunguzi saumu, na kwamba afungue mara moja sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita (yaani 3.9 katika mashine za milimoli) au ikipanda zaidi ya 300 (yaani 16.6). Hiyo ni habari inayostahiki kubandikwa msikitini: ina mwenyewe, ina tarehe, ina vipimo, na inamrejesha mgonjwa kwa daktari wake.

Adabu za anayeandika

Tunapendekeza kwa kamati za misikiti, walimu wa madrasa na wasimamizi wa makundi wakubaliane juu ya mambo machache. Karatasi ya afya isiyo na jina la chanzo na tarehe isibandikwe. Isipokelewe inayomwambia mgonjwa aache dawa aliyoandikiwa. Neno “huponya” lisiandikwe pale ambapo chanzo kimesema “huenda husaidia”. Ahadi ya thawabu kwa kusambaza iondolewe, kwani thawabu ni ya Allah (s.w.) kuigawa. Na likibainika kosa, lisahihishwe mahali palepale lilipotangazwa na kwa sauti ileile: lililosomwa Ijumaa lisahihishwe Ijumaa.

Wala pasiwepo haya katika kusema “hatujui, tutauliza”. Imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali mengi katika kikao kimoja, na sehemu kubwa ya majibu yake ikawa kwamba hajui. Hakupungukiwa na heshima. Mzazi anayeandika katika kundi la familia kuwa anamngoja daktari athibitishe kabla ya kusambaza, ameitendea kazi aya ya al-Hujurat kwa kidole chake.

Tunamwomba Allah (s.w.) awaponye wagonjwa wetu, azilinde ndimi na kalamu zetu na yale tusiyoyajua, na azifanye habari tunazopeana kuwa sababu ya uhai wala si sababu ya majuto. Amin.